Uzi: Kentrosaurus na Veterupristisaurus, Tendaguru. Nani aondoka na miguu yake?

MwibaWaMkia
Wapenzi wa dinosau, kuanzia Likoni hadi Mtwapa, hamjambo. Kila tukifungua mada ya mapambano ni T. rex na Spinosaurus, T. rex na Giganotosaurus, hadi imekuwa kama debi ya Ingwe na Gor. Tangu Jurassic Park III ya 2001, Spinosaurus alipomvunja T. rex shingo, kuna watu bado wana kinyongo. Na hao wawili hawakuwahi kukanyaga ardhi moja! Spinosaurus ni wa Misri na Moroko, zaidi ya miaka milioni 90 iliyopita. T. rex ni wa Amerika Kaskazini, kati ya milioni 68 na 66.

Mimi nasema tuteremke kusini tu hapo, Tendaguru, Lindi. Wajerumani walichimba huko 1909 hadi 1913, na mifupa ndiyo iliyosimamishwa Berlin. Tuna Kentrosaurus, mla majani wa miiba, aliyepewa jina 1915. Tuna Veterupristisaurus, mla nyama, jina lake la 2011. Zama ni Jurasiki ya mwisho, miaka milioni 150 hivi. Tufupishe: Kentro na Veteru.

Hii hapa rasimu. Nimeijaza makusudi kila kitu ambacho hadithi za mashabiki hukosea. Ichaneni, halafu tuishone upya:

*"Veteru alitoka mbio katika nyasi ndefu chini ya minazi, akanguruma hadi majani yakapukutika. Kentro akageuka, akamkabili ana kwa ana, akainamisha kichwa na kumvamia kwa miiba ya mabega. Veteru akamrukia mgongoni, akamng'ata shingo, akamnyanyua hewani na kumbwaga chini. Kentro akainuka, mkia ukavuma, mwiba ukazama kifuani. Veteru akafa papo hapo."*

BintiKretasi
Naanza na mandhari, maana hapo ndipo wengi huharibu kabla mnyama hajaingia. Minazi hakuna. Nyasi hakuna. Mikoko, miembe, mibuyu, yote ondoa. Hiyo ni mimea ya maua, na Jurasiki haikuwa imeenea. Nyasi ni za Kretasi, zama zilizofuata. Weka misonobari ya jamii ya araukaria upande wa bara, kangaga chini, na saikadi. Asiyejua saikadi aende Shimba Hills, zipo za porini hadi leo: shina nene, majani marefu magumu yenye miiba pembeni. Andika kwa kutazama hizo, usiandike kwa kukumbuka muvi.

Upande wa bahari Tendaguru ilikuwa na maji ya chumvi ya kina kifupi na wangwa. Tabaka za mifupa ya dinosau zimepishana na tabaka zenye chaza wa baharini, kwa hivyo bahari ilikuwa ikija na kurudi. Na palikuwa na majira ya ukame.

Kuondoa nyasi si urembo, kunabadilisha pambano lenyewe. Mnyama wa mita nane na nusu hana pa kulala akavizia. Atajificha nyuma ya vigogo au ng'ambo ya kichaka cha kangaga, kisha eneo la mwisho alivuke wazi wazi. Hesabu hatua hizo, kwa sababu ndizo zinazompa Kentro muda wa kugeuza makalio.

Bamburi_Rex
Makalio tena 😂 mbona mwataka Kentro apigane amempa adui mgongo? Shujaa gani huyo?

SomaMifupa
Shujaa anayetaka kuishi, yakhe. Ngoja niende kwa utaratibu, maana hapa kuna mambo.

Vipimo kwanza. Kentro ana mita 4.5 hivi, uzito wa tani moja na kitu, na sehemu kubwa ya urefu huo ni mkia. Veteru tulichonacho ni pingili chache za mkia, basi. Makadirio ni mita 8.5 hadi 10. Hana fuvu wala mguu uliothibitishwa, kwa hivyo mwandishi ana uhuru wa rangi na sura, lakini mwili itabidi auazime kwa jamaa zake, ukoo wa Carcharodontosaurus. Meno ya ukoo huo ni bapa, membamba, yenye msumeno kingoni. Ni ya kukata nyama. Mponda mfupa ni T. rex: utafiti wa 2012 ulimkadiria newton 35,000 hadi 57,000 kwenye jino moja la nyuma, sawa na mzigo wa tani tatu unusu hadi karibu sita.

Kwa hivyo Veteru hashiki akang'ang'ania. Anang'ata, anavuta kichwa nyuma, anaondoka na mnofu, anasubiri damu imalize kazi. Pambano lake ni refu na lina mapumziko. Mwandishi anayemfanya abane shingo hadi ivunjike amemvika taya za mtu mwingine.

"Akamnyanyua hewani": futa. Utafiti wa 2015 ulikadiria Carcharodontosaurus, ambaye ni mkubwa kuliko Veteru, angeinua kilo 424 hivi kabla ya kupoteza mizani na kupiga mweleka wa mbele. Kentro ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Tatizo si nguvu ya shingo. Mnyama wa miguu miwili ana egemeo moja tu, nyongani, na chochote anachokibeba mdomoni kinamvutia mbele.

Sasa mkia. Una pingili 40 hivi, na hauna zile kano zilizogeuka mfupa ambazo hukaza mikia ya walaji majani wengine, ndiyo maana unapinda vizuri. Mtafiti wa dinosau Heinrich Mallison aliupima kwa kompyuta, 2011, akaona unafagia nusu duara kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Uzito wa mwili umelalia miguu ya nyuma, basi Kentro anaweza kusimamisha nyonga mahali pamoja na kuzungusha kifua kwa kusukuma na miguu ya mbele. Kichwa kinakaa mbali na adui, shingo inapinda kuchungulia nyuma. Hiyo ndiyo sababu ya makalio, Bamburi. "Ana kwa ana" ingekuwa kumpa Veteru sehemu pekee isiyo na silaha. Miiba ya mabega yaziba ubavu. Kuvamia nayo ni kujitia mdomoni.

Kosa moja linalorudiwa hata na waandishi wazuri: kudhani mkia una kasi ile ile kote. Ncha ndiyo yenye mwendo. Karibu na nyonga mkia unasogea taratibu, na adui akishaingia huko ndani anasukumwa tu. Kwa hivyo kuna mzunguko wa hatari, kama mita mbili hadi mbili na nusu kutoka nyongani. Nje yake Veteru yu salama lakini hafiki. Ndani kabisa anaweza kung'ata. Pambano lote ni kuuvuka mstari huo, na mwandishi akiuweka wazi mapema msomaji ataanza kupima mwenyewe.

MwibaWaMkia
Na urefu wa pigo? Wengi hupiga kifua.

SomaMifupa
Nyonga ya Kentro iko juu ya mita moja hivi kutoka ardhini. Ya Veteru karibu mita mbili. Mkia unaofagia kwa usawa unakutana na muundi, goti na paja. Kifua au shingo vitapigwa tu kama ameshainama kung'ata. Kwa hivyo chagua: jeraha la mguu akiwa anakaribia, au jeraha la uso na shingo akiwa ameinama. Usichanganye.

Na "papo hapo" nayo itoke. Kuna pingili ya mkia wa Allosaurus, mla nyama wa huko Marekani, yenye tundu lililolingana na mwiba wa Stegosaurus, jamaa wa Kentro, na mfupa una dalili za kuendelea kuota baada ya kuchomwa. Mnyama alichomwa, akaenda zake na uchafu ndani ya kidonda. Kuna pembe ya Triceratops iliyovunjwa na T. rex, ikapona. Kuna mkia wa Edmontosaurus, mla majani, uliong'atwa juu, ukapona. Ushahidi mwingi wa mapigano tulio nao ni wa waliotoroka, kwa sababu aliyeliwa hakubaki na kovu.

Bamburi_Rex
Haya, nimekubali makalio. Lakini kuruka mgongoni mwanipokonya kwa nini? Raptor wote huruka.

BintiKretasi
Raptor gani? Velociraptor halisi alikuwa mita mbili pamoja na mkia, kilo 15 hadi 20, ana manyoya. Huyo aruke atakavyo, akianguka atainuka. Yule wa Jurassic Park ya 1993 amekuzwa. Mnyama wa karibu tani mbili akiruka na kukosea anavunja mbavu zake mwenyewe, na huyu atua juu ya safu mbili za miiba!

Ukitaka ukaribu wa kweli, tazama kisukuku cha Mongolia cha 1971: Velociraptor na Protoceratops, mla majani, wamefia pamoja. Ukucha wa Velociraptor uko shingoni mwa mwenzake, mkono wake uko mdomoni mwa huyo mwenzake, mchanga ukawafukia hivyo hivyo. Hakuna aliyeruka sarakasi. Wako chini, wamebanana. Mimi naona pale pana fundisho kubwa la kuandika mapambano kuliko muvi zote saba za Jurassic zikiwekwa pamoja.

Mbio pia tupunguze. Katika ile ya 1993 wanasema T. rex alipimwa maili 32 kwa saa, yaani kama kilomita 51. Utafiti wa 2017 wa nguvu za mifupa ulimweka kwenye kilomita 20 hivi, na zaidi ya hapo miguu ingevunjika. Veteru ni mwepesi kuliko T. rex, mpe hatua ndefu za haraka, lakini usimpe kona kali. Mwili mrefu uliotandaa mbele na nyuma ya nyonga ni mzito kuuzungusha. Hapo Kentro ana faida: yeye anageuka juu ya kisigino, mwenzake anahitaji uwanja.

MtuWaMakupa
Kwa nini tuende Lindi? Pambano lifanyike hapa hapa Changamwe, wasomaji wetu wapajua.

SomaMifupa
Ndugu Makupa, wazo tamu lakini litazama, kwa maana halisi. Miamba ya Jurasiki ipo upande wa bara wa Mombasa, ile shale laini, mwamba wa tope, lakini ni tope la chini ya bahari na visukuku vyake ni amonaiti, viumbe wa baharini wenye kombe la mzunguko. Kisiwa chenyewe ni mawe ya matumbawe, machanga mno, dinosau walikuwa wametoweka zamani sana. Ukimweka Kentro Changamwe ya wakati ule unamweka majini.

Kuna njia moja ya halali: mzoga. Mnyama akifia ufukweni, tumbo linajaa gesi, unaelea, mkondo unauchukua. Vipande huanguka kimoja kimoja. Taya na miguu hutangulia. Hapo unaweza kufungua sura kwa mfupa mmoja ukitua kwenye tope kati ya amonaiti, kisha ukarudi nyuma kueleza ulikotoka. Lakini mfupa mmoja tu, usilete mifupa yote.

MtuWaMakupa
Basi sura ya kwanza nimeichukua hiyo.

BintiKretasi
Na mwenye kutaka binadamu, asilete helikopta na daktari wa Kizungu mwenye kofia. Tendaguru ina watu wake. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Kuna dinosau mwenye shingo ndefu, Australodocus bohetii, aliyepewa jina lake 2007. Mizigo ya mifupa ilibebwa na wapagazi kwa miguu siku nne hadi bandari ya Lindi, jumla yake zaidi ya tani 200. Giraffatitan wa Berlin, shingo ndefu mwingine, mita 13.27 kwenda juu, alishuka hivyo, kipande kipande. Mwandishi akitaka fremu ya kuizungushia hadithi, hiyo ni bora kuliko kisiwa chochote cha kubuni.

Bamburi_Rex
Mngurumo je? Au nao mwautoa?

MwibaWaMkia
Mngurumo wa T. rex wa muvi ni mchanganyiko wa mtoto wa tembo, chui milia na mamba, umetengenezwa studio. Mwindaji anayenguruma kabla ya kuvamia amejinyima chakula. Ukihitaji sauti, iweke baada, wakati wa kutishana. Mbuni dume hutoa mvumo na mdomo umefungwa, koo likivimba. Mamba naye hutetemesha maji kabla sikio halijashika sauti. Mbuni wapo Nguuni, mamba wapo Mamba Village, zote hapa Mombasa. Andika kile kifua kinachohisi, achana na "raaaawr".

Huko Nguuni tazameni pia mguu wa mbuni unapokanyaga: vidole vinakunjika mguu ukiinuka, vinatandaa ukitua. Ndiyo miguu ya Veteru hiyo, tofauti ni uzito na idadi ya vidole: mbuni ana viwili, Veteru vitatu.

FundiUdongo
Nawasoma tangu mwanzo. Pambano hili lafaa klipu fupi kwa simu, ya vinyago vya udongo vinavyosogezwa picha kwa picha, kwa hivyo niweke vipimo.

Tumia skeli ya 1 kwa 25. Kentro anakuwa sentimita 18, Veteru sentimita 34. Jicho la mtu aliyesimama ni sentimita 6 na kidogo kutoka mezani, kamera iwe hapo au chini zaidi. Ukipiga kutoka juu, hata umbo zuri vipi litaonekana kitu cha kuchezea.

Mifupa ya ndani: waya wa alumini wa milimita 2, nyuzi mbili zilizosokotwa kwenye mkia na shingo. Waya wa chuma hurudi nyuma ukiuachia, pozi linapotea. Wa shaba hugumu kadiri unavyoukunja, kisha hukatika ndani ya udongo katikati ya kazi na huwezi kuufikia. Miiba ni vijiti vya meno vilivyokatwa sentimita 2 hadi 2.5. Vichomeke hadi viguse waya, la sivyo vitalegea kila unapoushika mkia.

Udongo wa mafuta hulainika kwa joto letu. Piga picha alfajiri, au tumia udongo kwenye misuli tu na kiini kiwe cha foili ya jikoni iliyobanwa. Feni usiwashe ikielekea mezani, majani ya kangaga yatacheza kati ya picha na picha.

Hesabu: picha 12 kwa sekunde. Klipu ya sekunde 8 ni picha 96. Mkia unaopiga nusu duara kwa nusu sekunde una picha 6, na mianya isiwe sawa: mdogo, mkubwa, mkubwa zaidi, na usisimame pale ulipogusa, upitilize. Wengi huusimamisha kwenye mguu wa adui, pigo linaonekana la mto.

Kuanguka nako kuna hesabu. Kitu kikianguka kutoka mita mbili huchukua sekunde 0.64, yaani picha 8. Anayeanza huweka tatu, na tani mbili zinageuka gramu mia.

Njia ya pili ni kuangusha mfano wenyewe na kurekodi. Hapo chukua kipeuo cha pili cha skeli: cha 25 ni 5. Rekodi kwa fremu 120 kwa sekunde, cheza kwa 24, na uzito utaaminika. Simu nyingi zina fremu 120.

Vitu viwili havikubali skeli. Maji: tone ni tone, halitapungua mara 25, kwa hivyo wangwa wako uwe wa jeli au gundi nyeupe iliyokauka nusu. Na mchanga wa pwani: punje zake zitaonekana kokoto. Chekecha vumbi la udongo kwa kitambaa.

Funga mwanga na rangi kwenye mipangilio ya kamera kabla ya picha ya kwanza. Simu ikiachwa ijiamulie, kila kiumbe kikisogea mwanga unapepesa. Dirisha ziba, wingu moja laharibu picha arobaini.

Bamburi_Rex
Kaka Fundi, na nikitaka kumtia Indominus rex mwishoni?

MwibaWaMkia
Andika uchangie bure, usiuze. Huyo ni kiumbe cha studio. Kentro, Veteru, T. rex na wenzao ni wanyama tu, hawana mwenyewe, unaweza kuwatungia hata kitabu ukauza. Na ukiweka hadithi mtandaoni tia lebo ya damu na vifo vya wanyama. Wapo watoto wanaotafuta "dinosau" na kuangukia utumbo.

Haya, nani aishona?

BintiKretasi
Jaribio:

*"Gome la chumvi lilivunjika kila Kentro alipoweka mguu wa nyuma. Maji yalikuwa yamerudi mbali, wangwa umebaki wazi, na kangaga za ukingoni zilitikisika upande mmoja tu.*

*Hakungoja kuona kichwa. Alisukuma kwa miguu ya mbele, kifua kikazunguka kuelekea bahari, miiba ikaelekea msituni. Veteru alikuwa ameshavuka nusu ya uwazi. Alisimama pale mkia usipofika, akaanza kuzunguka kutafuta ubavu. Kentro akazunguka naye. Wakafanya hivyo hadi tope chini yao likawa uji.*

*Veteru aliingia ghafla, akainama. Meno yalipita pajani, akavuta, akatoka na ngozi na mnofu, jino moja likabaki humo. Kurudi nyuma ndiko kulikomponza: mguu wa kulia ulizama hadi kifundoni, na kwa pumzi moja akawa amesimama kwenye mstari ule ule aliokuwa akiukwepa. Mkia ulikuja chini, usawa wa goti. Mwiba uliingia juu ya goti na kutoka na tope.*

*Hakuna aliyefuata mwenzake. Kentro alikwenda kando ya maji akichechemea, Veteru akarudi msituni akikanyagia kidole kimoja. Jua lilipochwa, kidonda cha pili kilikuwa kimeanza kuvimba."*

SomaMifupa
Napenda. Moja tu: anakanyagia vidole vitatu, mguu ukiuma atapunguza muda wa kukanyaga, hataweza kukunja viwili akabaki na kimoja. Andika "hatua moja ndefu, moja fupi", na nyayo zionyeshe hivyo kwenye tope. Jino liache pale pale, meno yao yalikuwa yakiota upya maisha yote, kwa hivyo halimgharimu kitu, na Makupa anaweza kulikuta kwenye mfupa wake.

MtuWaMakupa
Uwe mfupa wa paja basi, la kushoto au la kulia?

BintiKretasi
La kushoto.